Buji ya Koperative

Baba yangu alikuwa prezidenti wa koperative ya wavuvi pale Swima, kando ya ziwa, na sijapata kuona mtu aliyependa cheo kama yeye. Hata kikohozi chake kilikuwa cha kiongozi. Mali yetu kubwa ilikuwa boti moja yenye moteri, na watu walikubaliana kwamba mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Baraka atatangulia mbele ya samaki.

Basi siku moja, mwanzoni mwa vita, baba akaichukua boti bila kumwambia mtu, akawapeleka wakwe zake arusini. Siku hiyo hiyo binti wa jirani yetu mjane akashikwa na uchungu. Wanaume wanne walimbeba kwa tipoi, machela ya miti, mabegani, akajifungua njiani kwenye mvua. Mama na mtoto walipona kwa bahati tu.

Baba alirudi na nguo zake za arusi, akakuta mkutano unamngoja. Hawakumvua cheo, maana nani mwingine angeweza kubishana na wanajeshi wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, tangu asubuhi mpaka jioni? Waligawa moteri. Chuma chenyewe kilibaki kwetu. Mpira wa kupitisha mafuta ukaenda kwa katekista wa kanisa letu. Buji, kile kidude cha kutoa cheche ambacho bila hicho moteri haiwaki, akapewa yule mjane. Tangu hapo boti haikutoka bila watatu hao kukubaliana.

Baba alinuna mwezi mzima. Nami, nilipokuwa nikifua koti lake, nikakuta mfukoni buji nyingine, mpya, imeviringishwa kwenye karatasi. Nikairudisha, nikanyamaza. Nilimjua baba yangu.

Kisha vita vikatufikia. Asubuhi moja tulijazana ndani ya boti ufukweni, pale mwaloni, tukitaka kuvuka ziwa. Moteri ilikuwepo, mpira ulikuwepo. Mjane alikuwa bado shambani kwake mlimani, mjukuu wake mgongoni. Binti yake alikuwa nasi, akilia, na milio ya risasi ilizidi kusogea.

"Prezidenti, tuende na kafi tu," katekista alisema. "Hii masasi yao haitamungoja yule mama."

"Buji iko kwake," baba akajibu. "Ni nyie benyewe mulisema bantu batatu."

Nililitazama koti lake, naye aliona ninalitazama. Mkono wake uliingia mfukoni mara mbili, ukatoka mtupu. Niliogopa sana, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika zile.

Mjane akatokea akikimbia, mtoto mgongoni, buji imefungwa kwenye pindo la kitenge. Tukaondoka.

Katikati ya ziwa moteri ikazima. Buji ilikuwa imeungua. Baba akatoa ile karatasi mfukoni, akaifungua mbele ya watu wote.

Mjane alimtazama. "Na hii ilitoka wapi?"

"Nilikuwa nayo tangu siku ya mukutano."

"Kumbe hata pale ku mwalo ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, mama."

Alimshika mjukuu wake vizuri zaidi, akageuza uso kutazama maji.

Tulipofika ng'ambo, kabla mtu hajashusha hata sufuria, baba aliifungua ile buji kutoka kwenye moteri ikiwa bado ya moto, akaifunga kwenye leso yake, akamkabidhi mjane. Hakungoja kuombwa.