Nguruwe Ambaye Sikumla

Tajiri wangu alitoka kaskazini mashariki, na watu wa kwao hununua mbuzi kwa vidole. Hapa soko la mifugo la Kajiado utamwona mnunuzi akitupa shali juu ya mkono wake na mkono wa muuzaji, kisha wote wawili wanatazama pembeni kama watu waliokasirikiana. Chini ya shali vidole vinazungumza. Kushika hiki ni bei fulani, kubana ni kuongeza, kuachia ni kukataa. Aliyesimama karibu anaona kitambaa kikichezacheza tu, na bei inabaki ya wale wawili.

Alinifundisha lugha hiyo ingawa mimi si wa kwao. Mimi ni mtu wa Kibwezi, shule niliishia darasa la nane, na kuongea mbele ya watu hunichosha kuliko kubeba mzigo. Vidole vilinifaa. Nilikuwa nanunua pamoja naye, tunapakia, mbuzi wanaenda kwenye bucha zake Kitengela.

Goti lake lilipoanza kumsumbua akabaki Kitengela, nami nikawa nanunua peke yangu. Akanipa simu.

"Warya, hii simu ni mzuri, nimeitoa kwa fundi jana," aliniambia, maana kwao kijana huitwa warya. "Ukiona mbuzi, piga. Mimi nakupa bei ya mwisho. Usiseme kwa mtu."

Nilikuwa sijawahi kumiliki simu yenye kioo kikubwa namna ile. Jioni nilikuwa nampigia mama yangu, tunaongea mpaka salio linaisha. Kwa simu mimi huwa na maneno. Nilimweleza mambo ambayo singemwambia nikiwa mbele yake, hata lile la msichana mmoja wa Kisaju ambaye hajui kwamba nipo duniani.

Halafu akatokea mnunuzi wa kofia ya kijani. Nikipewa bei ya mwisho na tajiri, narudi kwa muuzaji, nakuta huyo bwana ameshaongeza kidogo tu juu ya bei hiyo. Mara ya kwanza nilisema ni bahati yake. Lakini bahati haiji kila siku ya soko, tena kwa mbuzi wale wale niliowachagua mimi. Wamaasai waliokuwa wakiniuzia wakaanza kunionea huruma.

"Sopa," mmoja alinisalimu asubuhi moja.

"Ipa," nikaitikia.

"Leo umekuja kununua ama kuangalia mwenzako akinunua?"

Tajiri aliponipigia siku hiyo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Bei nakwambia wewe peke yako," alisema. "Hata bibi yangu hajui. Sasa niambie, hiyo maneno inatoka wapi?"

"Mzee, sijui."

"Hujui," alisema, akakata.

Kabla ya wiki kwisha madalali walikuwa wamenipa jina: muuza maneno. Sokoni jina hilo ni kifungo. Mwizi wa mbuzi anaweza kulipa akasamehewa, lakini mtu anayeuza bei ya mwenzake hapewi kazi na yeyote, wala muuzaji hatii mkono wake chini ya shali pamoja naye. Niliwaona wakinyamaza nikifika. Kazi nyingine sikuwa nayo, na midomo ya kujitetea sikuwa nayo pia.

Nikaanza kuishuku simu. Ilikuwa inapata joto hata nisipoitumia. Nilimwambia dalali mmoja mzee, aliyekuwa bado ananisalimu, kwamba nafikiri simu yangu inasikilizwa. Lilikuwa kosa. Alicheka mpaka akashika mgongo wa kondoo asianguke.

"Jameni kujeni! Kijana anasema serikali inamsikiza!"

"Serikali inataka nini na wewe?" akauliza mwingine. "Inataka kujua mbuzi gani ni ya upinzani?"

"Wakisikiza simu yake hao watajifunza tu kulia meee."

Wakalia meee wote. Nikaondoka nikajifanya naenda kuangalia ng'ombe.

Jumatano iliyofuata tajiri alikuja Kajiado mwenyewe, akitegemea fimbo. Alisema anataka kuona kwa macho yake. Tulikuwa tumempata dume mmoja mwekundu mzuri, na kabla ya kumwendea mwenye mbuzi nilitaka tupatane bei mimi na yeye, kimya kimya, kama zamani. Nikanyoosha mkono. Akatandaza shali juu yake. Kisha akautoa mkono wake haraka, kama mtu aliyegusa sufuria.

"Wewe leo sema kwa mdomo," alisema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Jumapili ulikula nini?"

"Sikuelewi."

"Nguruwe. Ulikula nguruwe kwa ile karamu ya Kisaju. Mimi sikukatazi, dini yako ni yako. Lakini nioshee mkono kwanza."

Madalali wakacheka. Mimi nilisimama pale, shali ikiwa bado kwenye mkono wangu.

Sikuwa nimekula nguruwe. Hakukuwa na karamu. Jumapili ile nilikula sukuma na ugali uliolala, chumbani kwangu, peke yangu. Lakini jioni mama alinipigia akiwa na wasiwasi kwamba siku hizi sauti yangu imekonda, akaniuliza kama nakula. Nikamdanganya ili alale vizuri. Nikamwambia kulikuwa na karamu ya ubatizo Kisaju, nimekula nguruwe mpaka nikashindwa kusimama. Mama alifurahi sana.

Kama ningekuwa nimekula kweli, ningesema mtu ameniona akapeleka habari. Lakini nani angeniona nikila kitu ambacho hakikuwepo? Nguruwe yule aliishi mahali pamoja tu, ndani ya ile simu.

Nilinawa mkono kwenye mfereji, nikanawa tena, huku nikikumbuka yote niliyomwambia mama. Msichana wa Kisaju. Baba alivyotuacha. Ile siku nililia kwa simu nikidhani ni mimi na mama tu.

Karibu na mahakama ya Kajiado kuna ofisi ndogo ambapo watu wasio na wakili huenda kuuliza. Nilipita mbele yake nikarudi, nikapita tena, mpaka mama mmoja aliyekuwa ndani akaniita.

"Kijana, utamaliza viatu. Ingia."

Nikamwambia nina rafiki ambaye simu yake inasikilizwa na mwajiri wake.

"Huyo rafiki yako amevaa sweta ya kahawia kama hii?" aliuliza.

Nikatazama sweta yangu. Akavuta kiti, hakucheka. Aliniambia Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, na mawasiliano yake ni sehemu ya haki hiyo. Faragha nililijua kama neno la redioni. Alisema hata polisi wakitaka kusikiliza mtu wana njia yao ya kisheria, na njia hiyo inapitia mahakamani. Haipitii kwa fundi wa simu.

"Lakini simu ni yake," nilisema. "Yeye ndiye aliinunua."

"Hata nyumba ya kupanga ni ya mwenyewe. Je, mwenye nyumba anaruhusiwa kulala chini ya kitanda chako?"

Aliniuliza kama nataka kushtaki. Nilimwambia ninachotaka ni jina langu.

"Hilo ni gumu zaidi," alisema. "Kesi itamwuliza yeye alifanya nini. Jina lako lilivunjwa sokoni, na sijui hakimu anayekaa sokoni."

Nilienda Kitengela nikamkuta tajiri nyuma ya bucha yake, amenyoosha goti juu ya kreti ya soda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mzee, nguruwe nilimwambia mama yangu tu. Na ilikuwa uongo."

Alishusha goti kutoka kwenye kreti. Alikuwa mtu wa kuswali, na sidhani alijua kudanganya vizuri.

"Nilitaka kujua kama unaniuza," alisema mwishowe.

Akaeleza kwamba alimwomba fundi atie programu kwenye simu kabla ya kunipa. Kila nilichosema kilirekodiwa, kikafika kwake. Jioni alikuwa anasikiliza.

"Tangu mwanzo?" niliuliza.

"Tangu mwanzo."

"Ukasikia nikikuuza?"

"Hapana." Alifuta uso kwa shali. "Nikafikiri uko na simu ingine."

"Na nambari ya siri ya hiyo programu ni nani aliiweka?"

"Fundi. Mimi sijui hiyo maneno ya kubonyeza."

Nafikiri tuliwaza jambo moja kwa wakati mmoja, maana yeye ndiye aliyelitamka. Fundi yule ameoa dada wa mtu wa kofia ya kijani. Fundi ndiye aliyeitengeneza akaunti ya hiyo programu, akabaki na ufunguo wake, na bei zetu zote zilipita mezani kwake. Tajiri alitia sikio ndani ya simu yangu ili alinde siri yake, na kwa sikio hilo siri ikatoka.

"Nitakuongezea mshahara," alisema.

"Sitaki. Njoo uwaambie sokoni."

"Nitawaambia hukuniuza."

"Watauliza umejuaje."

Hapo ndipo alipochoka. Kunisafisha mimi kulihitaji ajipake tope yeye. Mtu wa heshima, anayeamua ugomvi wa wengine, aseme kwamba alikuwa anasikiliza kijana akiongea na mamake. Sikumsaidia. Nilisubiri, na kusubiri ni kitu ninachokiweza.

Siku ya soko alikuja. Alisimama karibu na pale mbuzi wanapopakiwa, akagonga lori kwa fimbo mpaka watu wakageuka.

"Huyu kijana hajaniuza," alisema. "Ni mimi nilimtegea simu. Nimesikiza maneno yake na mama yake. Nimekosa. Fundi ndiye aliuza, kwa mlango niliofungua mimi."

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyelia meee. Dalali mmoja alitoa simu yake mfukoni akaigeuza nyuma na mbele, kisha akamwuliza jirani yake, polepole, "Hii yangu mwanangu ndiye aliniwekea. Aliweka nini?" Mtu wa kofia ya kijani hakuonekana siku hiyo. Yule dalali mzee alikuja akatia mkono wake chini ya shali yangu, mbele ya wote, ingawa hatukuwa na mbuzi wa kuuziana.

Kazi nimeendelea nayo. Simu yake nilimrudishia, nikanunua yangu ndogo ya vidude vya kubonyeza. Juzi tajiri alinipigia kwenye simu hiyo kwa mara ya kwanza. Alitaja mbuzi tunaowataka, akafika kwenye bei, akaiacha bila kuitaja.

"Warya, uko peke yako?"

Nilitazama nyuma, nikatazama pande zote. Hakukuwa na mtu.

"Sijui, Mzee," nikamwambia.