Hewa Katika Kopo la Dagaa

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa darasa la nne, na bibi yangu, aliyenilea pale Igogo, hakukosa kuniuliza kila jioni nimefundishwa nini. Ada aliilipa yeye kwa kuuza dagaa, kwa hiyo alitaka kuonja alichonunua.

Jioni moja nikamwambia mwalimu kasema hewa ni kitu. Ina uzito, tena inachukua nafasi kama maji au jiwe.

Bibi akaweka mwiko chini. "Nahangaika na dagaa ili ufundishwe kwamba pasipo na kitu pana kitu? Kesho nionyeshe. Ukishindwa, unakwenda Igoma kuchunga ng'ombe wa mjomba wako."

Ng'ombe wale nawajua, na mjomba namjua zaidi. Niliogopa kwelikweli.

Asubuhi, ziwani, mbele ya akina mama waliokuwa wakifua, nilimwomba Bibi ugoro wake. Wote. Nikaufunga kwenye kitambaa, nikaukandamiza hadi kwenye kitako cha bilauri, kisha nikaigeuza bilauri mdomo chini na kuizamisha wima. Bibi alipiga yowe kama nimemzamisha mtoto. Nilipoitoa, ugoro ulikuwa mkavu. Alinusa, akapiga chafya, akina mama wakapiga vigelegele.

"Hewa ilikuwa imekaa mle, maji yakakosa nafasi," nikasema, kwa maringo ambayo mpaka leo nayaonea raha.

Mchana tukaenda sokoni Mirongo. Bibi alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Dagaa aliwadondosha kwenye kopo la kupimia wachache wachache, wakalaliana ovyo, na kopo likafura hadi kilele. Mteja wa kwanza alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakifua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Humo mna dagaa watupu, au na yule mgeni wa kwenye bilauri yumo?"

Akalinyanyua kopo, akaligonga chini kwa nguvu. Dagaa wakashuka hadi nusu. Bibi akaongeza wengine. Habari ikaenea, na kila aliyekuja akagonga.

Njiani kurudi alitangulia mbele, kopo kwapani. Mimi nilishaanza kuwahesabu ng'ombe wa Igoma. Tulipofika akanipakulia ugali, akaniangalia weee, halafu akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Shule utaendelea," akasema. "Kweli hewa ni kitu, mjukuu wangu. Ndiyo iliyokuwa ikikulipia ada."