Hakulia, Basi Hakuumia

Katika kiwanda cha kufulia shuka za mahoteli, walimwita Chuma. Jina hilo alipewa na msimamizi, siku alipofanya zamu mbili mfululizo akiwa na jino bovu, shavu limevimba kama limefichwa limau. Mwanzoni lilimpendeza. Aliambiwa mvumilivu hula mbivu. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita na hata mbichi hajaziona.

Asubuhi moja, bomba la mvuke lililopita juu ya mashine ya pasi lilipasuka kwenye kiungo. Watu wakatimua mbio. Mkunja shuka mmoja, mwenye mimba ya miezi saba, akabaki amebanwa kati ya mashine na ukuta. Chuma hakufikiri mara mbili. Alipitisha mkono katikati ya mvuke, akaishika koki, akaizungusha mpaka ikafunga.

Baadaye aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Sweta lilikuwa limegandamana na ngozi kuanzia kifundo cha mkono mpaka kiwiko, lakini maumivu hakuyasikia. Msimamizi alitaka kujua kama mzigo wa mchana utatoka kwa wakati. Ukatoka. Chuma aliupiga pasi yeye mwenyewe, huku akimtania mkunja shuka kwamba mtoto huyo atazaliwa amenyooka, hana hata kunyanzi.

Maumivu yalimngoja nyumbani. Alipoketi tu kitandani na binti yake akaanza kumvua viatu, yalimvamia kwa mpigo mmoja. Aling'ata mto mpaka foronya ikatoboka.

Kesho yake alikwenda kuomba mapumziko. Msimamizi akamsomea taarifa aliyokwisha kuiandika: mfanyakazi hakulalamika maumivu, aliendelea na kazi kwa furaha, jeraha ni dogo.

"Mama, ungekuwa umeumia kweli ungelia," alimwambia. "Wewe si ndiye Chuma?"

Akarudi kwenye mashine na bendeji yake. Bomba lilifungwa kwa kipande cha mpira na waya, na kila lilipofoka, moyo wake ulirukia kooni. Lilifoka mara ishirini kwa siku, na kila akisita, msimamizi alimfokea. Miezi mitano ikapita. Ngozi ikajifunga, yeye akafunguka. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kujigonga kidole cha mguu kulimliza kama mtoto. Vichekesho vya redioni, ambavyo yeye na binti yake walikuwa wakivicheka mpaka mbavu ziwaume, sasa vilimpita kama matangazo ya vifo. Wifi yake, aliyekaa chumba cha pili, alimwambia ameanza kujisikia. Hawakusemeshana wiki nzima.

Hatimaye binti ndiye aliyempeleka zahanati. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, si mtu wa haraka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba mtu akishtuka, ubongo huamsha homoni za hofu, zile zinazoukimbiza moyo na kuupa mwili nguvu. Pamoja nazo humwaga dawa yake yenyewe ya maumivu, jamii moja na ile sindano anayochomwa mtu aliyetoka kupasuliwa.

"Dawa hiyo ina kazi mbili," alisema. "Inaziba maumivu ili ujiokoe, halafu inazituliza zile homoni hatari ikipita. Lakini wewe hatari yako haipiti, unaikuta kazini kila siku. Mtu akiishi hivyo, mizani inaweza kuharibika. Hofu haishuki, dawa haifanyi kazi yake vizuri, na furaha nayo inapungua, kwa sababu dawa hiyohiyo inachangia raha tunayoipata tukicheka na wenzetu. Hatujui yote, mama, ila hujarogwa na wala huringi."

Daktari alitarajia machozi. Kilichokuja ni hasira, tena ya moto. Miaka yote hiyo walikuwa wakimsifu kwa kitu ambacho mwili wake ulikifanya kwa sababu umeogopa.

"Niandikie," alisema. "Yote hayo, kwa barua."

Aliipeleka ofisini bila kubisha hodi. Mkunja shuka, aliyekuwa amekwisha kujifungua na kurudi kazini, alimfuata bila kuitwa. Msimamizi akaitoa ile taarifa kwenye faili, akaanza kusema mambo ya zamani yameshapita.

"Hayajapita, yamo mwilini mwangu," Chuma alimkatiza. Akapandisha mkono wa sweta mpaka kiwikoni, akauweka mkono wenye kovu juu ya ile taarifa. "Uliandika nilifanya kazi kwa furaha. Nani alikwambia? Futa. Andika nilifanya kazi nimeungua, na wewe unaniona."

Mkunja shuka alisema naye aliona, na yuko tayari kusema mbele ya yeyote. Mwenye kiwanda aliposikia neno shahidi, taarifa iliandikwa upya kabla ya chakula cha mchana. Bomba jipya likafungwa wiki hiyohiyo, na Chuma akapewa mwezi wa mapumziko. Samahani hakupewa.

Daktari alikuwa amemshauri atembee kila siku, na asitembee peke yake. Wifi akajitolea, akisema ni kwa ajili ya goti lake yeye. Siku za kwanza walitembea kimya kama wasindikizaji wa maiti. Siku ya kumi na mbili, wifi alikuwa akimsema kaka yake, mume wa Chuma, kwa kukoroma, akakanyaga tope, kandambili ikabaki humo, naye akasonga mbele hatua tatu bila kutambua. Chuma alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa barabara.

Kisha akamkumbuka msimamizi, na damu ikamchemka tena.