Mwizi wa masjala na mume asiyejulikana wa shangazi

Saa mbili asubuhi, Mwizi anaiba. Miwani imeshuka hadi ncha ya pua, kipanya kiko mkononi, na kwenye kompyuta yake kuna hati ya mauziano ya nyumba yenye mistari mitatu myeusi. Anaburuza kipanya juu ya ule weusi, ananakili, anabandika kwenye ukurasa mtupu. Ukurasa unabaki mweupe.

“Nimekosa!” anasema, na meno yote nje. “Hapa hata mimi mwenyewe siingii.”

Mwizi ni jina alilobatizwa na wenzake katika masjala ya ofisi ya kumbukumbu za umma. Ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, huenda asigeuke. Hati za ndoa, mirathi na mauziano ya nyumba huwekwa mtandaoni, na kila mtu ana haki ya kuzisoma. Lakini namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na saini ni vya mwenyewe. Vitu hivyo ndivyo anavyovifunika, kurasa sitini hivi kwa siku, kisha kila ukurasa anajaribu kuuiba. Akiambulia hata tarakimu moja, anaanza upya.

“Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia naiba serikalini,” anasema. “Wanacheka, wanasema, ‘Kwani uko peke yako?’”

Mwandishi wa makala haya alimwomba aeleze ubaya wa vitu hivyo kuonekana uko wapi hasa. Mwizi hakueleza. Aliuliza jina, akagonga vitufe kidogo, akafungua hati ya zamani ya kiwanja ambayo bado haijapita mikononi mwake. Kabla chai haijapoa alikuwa amesoma kwa sauti tarehe ya kuzaliwa ya mwandishi pamoja na jina la mama yake mzazi. Masjala nzima ilicheka. Mwandishi hakucheka sana.

“Usiogope, nakufunika leo leo,” alimtuliza. “Wewe si wa kwanza. Mwenzio aliozeshwa kabisa.”

Huyo mwenzio ni shangazi yake, mwoka keki, mjane wa miaka sitini na mmoja mwenye sauti inayofika kabla yake. Ndiye aliyemlea Mwizi tangu akiwa darasa la pili. Baada ya miaka mingi ya upweke, shangazi alipeleka saa yake ya ukutani kutengenezwa. Fundi saa, naye mjane, aliitengeneza ikapona. Wiki iliyofuata ikaharibika tena. Ikatengenezwa, ikaharibika.

“Ile saa haikuwa na ugonjwa wowote,” Mwizi anasema. “Shangazi alikuwa anaitoa betri.”

Mapenzi na kikohozi havifichiki. Wawili hao wakakubaliana, nguo ikashonwa, na siku moja wakaongozana kwa msajili wa ndoa kuandikisha. Msajili akaingiza namba ya shangazi kwenye kompyuta, akaiingiza tena.

“Mama, hapa wewe ni mke wa mtu,” alisema.

Kumbe kuna mtu aliyekuwa akitafuta kibali cha kuishi nchini, akanunua mke wa kwenye makaratasi. Mke huyo alitengenezwa kutokana na hati ya mirathi ya marehemu mume wa shangazi, iliyokuwa mtandaoni. Maombi ya ndoa yalitumwa kwa mtandao, yakapita, na hakuna aliyeuliza bibi harusi yuko wapi.

Lakini hati ile ilikuwa imefunikwa. Ofisi iliweka vibao vyeusi juu ya namba na tarehe, kila mtu akaridhika. Kosa ni kwamba vibao vilikaa juu tu, na maandishi yalibaki chini yake mazima. Ukiyanakili pale palipo peusi na kuyabandika kwingine, yanatoka yote.

“Kufunika sufuria si kumwaga mchuzi,” anasema Mwizi, ambaye wakati huo alikuwa mpiga chapa tu katika ofisi hiyohiyo. “Siku ile nilijaribu hati ya shangazi, namba ikatoka kama ilivyo. Nikajaribu ya jirani yetu, ikatoka. Nikaenda kwa mkuu wa ofisi nikamwambia, bosi, tumewaacha watu uchi.”

Mkuu wa ofisi hakubisha. Aliagiza hati zote ziondolewe mtandaoni siku hiyohiyo, zianze kurudi moja moja baada ya kupita kwa Mwizi. Hati ya kiwanja cha mwandishi, kwa bahati mbaya, ilikuwa kwenye tovuti ya zamani ambayo hakuna aliyeikumbuka. Siku hizi Mwizi hufunika, huchapisha ukurasa kwenye karatasi, kisha huupitisha upya kwenye skana. Kinachobaki ni picha tu. Chini ya weusi hakuna kitu.

Ofisi ikapona, ila shangazi akabaki na mume asiyemjua. Ndoa haifutwi kwa kulalamika. Ilibidi athibitishe kwamba hakusaini. Miezi ikapita, na ndugu hawakuwa na huruma. Walimwuliza kama mumewe anakoroma. Yeye mwenyewe alikuwa akijibu, “Mwanamume gani huyo, hata mswaki hajaleta!” Halafu wageni wakiondoka, analia jikoni.

“Nilimsikia,” Mwizi anasema, na hapa tu sauti yake inashuka. “Alisema, ‘Mwanangu, fundi atachoka. Mwanamume wa umri ule hana muda wa kunisubiri.’ Iliniuma, kwa sababu hati ilitoka kwenye ofisi yangu.”

Fundi hakuchoka. Kila Jumapili alifika na bisibisi yake, akakuta saa imesimama, akaweka betri bila kuuliza neno.

Mwezi uliopita msajili aliwaita. Aliweka cheti cha ndoa ya bandia mezani, na shangazi akakivuta karibu na macho.

“Saini hii haina mkia!” alifoka. “Mimi saini yangu ina mkia. Naumalizia kama ninavyomalizia urembo wa keki, unakwenda mpaka ukingoni. Tangu nizaliwe sijasaini bila mkia!”

Mwizi, aliyekuwa amemsindikiza, akaruka kitini. Aliwahi kuiona saini ya shangazi isiyo na mkia. Akaomba ruhusa, akakimbia masjala, akarudi na hati halisi ya mirathi. Muhuri wa karani ulikuwa umegongwa juu ya mwisho wa saini, wino mzito, mkia ukazama humo. Aliyeiba saini alinakili kilichoonekana tu.

Msajili alizibandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Saini zililaliana unywele kwa unywele, na hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa. Akaandika kwamba ndoa ile haikuwahi kuwapo. Waliohusika bado wanatafutwa na polisi.

“Nimeachika!” shangazi alipiga vigelegele, mpaka waliokuwa kwenye foleni nje wakampa pole.

Harusi ilifungwa Jumamosi iliyopita. Keki shangazi aliioka mwenyewe. Alisema hamwamini mtu.

Leo, wakati Mwizi anaeleza haya, mlango unafunguka na maharusi wanaingia, fundi akibeba kipande cha keki kilichofungwa kwenye kitambaa. Cheti chao kimeshafika masjala, na Mwizi amekiweka cha mwisho makusudi. Anakifunika mbele yao.

“Na mkia wangu unaufunika?” shangazi anauliza. “Nilivyouvuta vizuri vile!”

“Nakala halisi iko kabatini, shangazi, na mkia wake wote. Mtandaoni wataona majina tu. Inatosha wajue umeolewa.”

Karatasi inapita kwenye skana. Mwizi anasema kuanzia mwezi ujao atafanya hivi hadharani: mkuu wa ofisi amekubali awekewe dirisha mlangoni, mtu yeyote aje na jina lake, ajaribiwe kuibiwa huku anatazama. Kibango ameshakiandika mwenyewe: IBIWA HAPA BURE. Akifanikiwa, anataka afundishe mwizi mmoja kwa kila ofisi.

“Basi anza na mimi,” anasema shangazi, akivuta kiti.

Mwizi anaburuza kipanya juu ya weusi. Ananakili, anabandika. Peupe.

“Jaribu tena. Usinionee haya.”

Anajaribu tena. Peupe.

“Nimeshindwa kukuiba, shangazi.”

Shangazi anamgeukia fundi saa, anamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

“Basi aliyeniweza ni huyu tu.”