Mkojo wangu ulininyima kwenda vitani, Keza nzima ikaniita Kikojozi

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mzee sasa, vijana nipeni shikamoo yangu hata kimoyomoyo.

Haya yamenikuta mwenyewe. Kama naongopa, nikojoe mchanga.

Nimezaliwa Keza, Ngara. Zama za vijiji vya ujamaa tulikuwa tunalima shamba la kijiji toka asubuhi mpaka jua la utosi. Maji? Nani anywe maji?

Kwetu mwanaume alikuwa hanywi maji mbele za watu. Ukifika kwa mtu ukapewa maji matupu, umetukanwa. Mgeni anapewa pombe ya ndizi. Maji ni ya ng'ombe na wagonjwa.

Bingwa wa msimamo huo alikuwa rafiki yangu Gaspari. Jamaa ana mdomo mchafu, halafu "l" zote kwake ni "r".

"Maji naogea," alikuwa anasema. "Tumbo rangu si mtaro."

Mgongo ukiuma baada ya jembe, tunameza vidonge vya maumivu bila kuhesabu, tunashushia na pombe hiyo hiyo. Mkojo tunaubana mpaka mstari uishe, maana ukichepuka vichakani balozi wa nyumba kumi anakuandika mtoro. Upumbavu mtupu, ila tulijiona madume kwelikweli.

Vita ikaja, nduli kavuka mpaka wetu. Mimi na Gaspari tukajiandikisha mgambo, tukapelekwa Biharamulo kwa mafunzo. Nilikuwa na hamu ya kwenda kumpiga nduli kuliko hamu ya kuoa, na mchumba nilikuwa naye.

Wiki ya pili, gwaride la mchana, nikaona kilima kinanifuata. Nikala vumbi.

Nikazindukia kwa mganga wa kambi, mzee mmoja wa Kisukuma, mpole kupindukia. Akanipa chupa nikojolee. Yakatoka matone ya kuhurumiwa. Akaiinua juani.

"Kijana, umekojoa au umechuja kahawa?"

"Nimekojoa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Maji umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Maji? Mzee, mimi siumwi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanibonyeza kiunoni, nikapiga yowe, akaacha kucheka. Akasema figo zangu zina hali mbaya, mtu kama mimi akipelekwa mstari wa mbele atakufa kabla hajamwona adui. Akaandika barua nirudishwe nyumbani.

Nililia, wakuu. Nililia kama nimefiwa.

Gaspari ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye lori, kambi nzima inasikia: "Kwaheri Kikojozi! Tutakusarimia nduri!"

Barua ilisema "ugonjwa wa njia ya mkojo". Katibu wa kijiji akaisoma mkutanoni, bila aibu. Keza wakaelewa wanavyotaka: nimejikojolea kwa kuogopa risasi. Nako wakaniita Kikojozi, jina likanasa. Mchumba akaolewa kijiji kingine, Ntobeye.

Basi nikawa nakunywa maji kwa kujificha nyuma ya migomba, kama mwizi, maana yule mganga alishanitia hofu. Vidonge vya kujipimia nikaacha. Nikibanwa nachepuka, balozi aandike mpaka wino uishe.

Gaspari akarudi shujaa. Akaendelea na maisha yake: pombe, vidonge, kubana.

Miaka ikaenda. Majuzi nilimfuata Mwanza, kwa mwanawe. Figo zote mbili zimegoma. Mara tatu kwa wiki anaunganishwa kwenye mashine. Daktari anasema ni presha ambayo hakuwahi kuipima, na yale madonge ya miaka nenda rudi. Maji anapimiwa, vikombe viwili vidogo kwa siku, na vyote alishavimaliza asubuhi.

Mkwe wake akaniletea kopo la maji. Maji matupu, na hakuna aliyetukanwa. Gaspari akalikazia macho.

"Kikojozi," akasema, "mimi hata kukojoa sikojoi tena. Ninywee na rangu."

Nikanywa lote, machozi yananitoka, naye anameza mate.

Kwa hiyo wakuu, kunyweni maji, msibane, kapimeni presha, na vidonge vya maumivu si karanga. Atakayewacheka mwacheni acheke.

Nani mwingine kakulia kwenye "maji ni ya wagonjwa"? Mwageni yenu hapa. Ila kama umebanwa, nenda kakojoe kwanza. Kuna mtu Mwanza anakuonea wivu.