Bi Ngoan Aenda Kuitazama Pesa Yake Ikifanya Kazi

Kwa miaka thelathini na moja Bi Ngoan aliuza tambi za supu pembeni mwa soko la Sa Đéc, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona amekaa kitako mchana, isipokuwa siku tatu za Tết, sikukuu ya mwaka mpya, na wiki ile aliyomzika mumewe. Kisha ikaja barabara mpya. Ilikata katikati ya shamba la mabalungi aliloachiwa na marehemu, naye akalipwa fidia. Fidia ilipochanganywa na akiba ya supu, ikawa dong bilioni tatu na nusu.

Binti yake aliyeolewa Saigon akampigia simu. "Mama, basi kupuliza moto. Weka benki, ule riba yake."

Akaweka. Kila mwezi ikamwangukia milioni ishirini na nne na ushei, pesa ambayo supu haikuwahi kumpa hata msimu ulipokuwa mzuri. Akauza masufuria makubwa, akanunua kitanda cha kamba cha kubembea, akakitundika barazani. Majirani, wanaomwita Bảy, yaani wa saba, kama ilivyo desturi ya kule ya kuitana kwa zamu ya kuzaliwa, walipita wakimtania.

"Shangazi Bảy, maisha umeyapatia! Wewe lala tu, pesa inakufanyia kazi."

Neno hilo ndilo lililomtoa usingizini. Kazi gani? Yeye kazi anaijua. Kazi ina jasho, ina harufu, ina mahali pake. Hajawahi kuona noti imeshika jembe. Basi kama pesa yake iko kazini, iko wapi, na nani anaisimamia?

Alipokwenda kuchukua riba mara ya pili, akamuuliza karani, binti mmoja mpole aitwaye Mỹ Duyên.

"Mwanangu, hii pesa yangu mmeipeleka wapi?"

"Ipo, Shangazi. Usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Nauliza inafanya nini."

"Tunawakopesha watu."

"Watu gani?"

Duyên akacheka, akaziba mdomo. "Hiyo ni siri ya wateja. Halafu pesa zote zimechanganyika, Shangazi. Ni kama mchuzi. Utaijuaje chumvi uliyotia wewe na aliyotia mwenzio?"

"Mchuzi unamwambia nani? Mimi jina la aliyekopa silitaki. Nataka nimwone tu akiwa kazini."

Karani akamwita mteja aliyefuata. Bi Ngoan akachota maji baridi kwenye kikombe cha karatasi, akakaa kwenye viti vya kusubiria, akatazama dirisha la mikopo. Akapita mwenye duka la simu. Wakapita mtu na mkewe waliokuwa wakigombana kwa kunong'ona. Karibu na saa sita akaja mwanamume wa makamo, suruali imekunjwa hadi magotini, tope limekaukia kwenye kucha za miguu. Alitia saini, akatoka. Bi Ngoan akatoka nyuma yake.

"Samahani, bwana. Umekopa hapa?"

Yule mtu akakaza macho. "Nani anauliza? Wewe mdai?"

"Mdai wa nani! Mimi nimeweka pesa humu. Naambiwa inafanya kazi. Nataka kuiona."

Mwanamume akamtazama toka kofia hadi kandambili, halafu akaangua kicheko hata mlinzi akageuka. "Kumbe wewe ndiye ninayekulisha! Nazunguka na deni la milioni mia nne, kila mwezi nalipa riba, najiuliza inaliwa na nani. Kumbe ni mama wa watu tu. Njoo, Dada. Njoo uone pesa yako inavyolowa maji."

Jina lake lilikuwa Chín Lượm, mkulima wa maua. Ukoo wake wote ulilima maua nje kidogo ya mji, mahali ambapo vyungu hupangwa juu ya vichanja vya miti, na mafuriko yanapokuja maji hupita chini, wakulima wakisukuma vitumbwi kati ya safu. Bi Ngoan alikuwa ameishi kilomita nne kutoka hapo maisha yake yote, na maua aliyaona sokoni tu, yameshachanua. Siku hiyo, ameketi kwenye kitumbwi cha Chín, alipita kati ya vyungu elfu tatu vya majani matupu.

"Maua yako wapi?"

"Bado. Haya ni ya manjano, ya mviringo, yale mnayoweka mlangoni siku ya Tết. Yanakaa miezi sita kwa siku kumi za kuuza."

"Na pesa yangu?"

Chín akaonyesha kwa kasia. "Ile pampu. Vile vyungu. Makumbi ya nazi yaliyosagwa humo ndani, yametoka Bến Tre kwenye minazi. Na ile mbolea inayokunukia."

Bi Ngoan akavuta pumzi ndefu puani. Ilinuka vibaya. Alifurahi mno.

Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Aliuliza kila kitu: kwa nini ncha za mimea zinakatwa, kwa nini taa zinawashwa juu ya miche, nani aliyegundua kwamba ukikata moja zinachipua nne. Mke wa Chín, aliyechoshwa na maswali, akamtia mkasi mkononi. "Haya, Mama Benki. Uliza huku unakata." Kabla mvua hazijakwisha alikuwa anakata ncha kwa kasi kuliko vibarua, maana mkono uliokata vitunguu miaka thelathini na moja hausahau.

Ndipo siku moja Duyên akamwita dirishani kwa upole uliozidi kawaida. "Shangazi, mkataba wako wa kuweka pesa umekwisha, na riba imeshuka. Sasa itakuwa milioni kumi na nne."

"Kutoka ishirini na nne?"

"Ni benki zote, Shangazi."

Alikwenda vichanjani moja kwa moja. Akamkuta Chín anapiga mluzi.

"Una nini leo?" akamuuliza.

"Dada Bảy, hujasikia? Riba ya mikopo imeshuka! Mwaka huu nitapumua."

"Unapumua kwa pua yangu. Mimi nimekatwa milioni kumi."

Chín akaegemea kasia, akasema taratibu, "Sikiliza. Wewe benki inakupa kidogo, mimi inanitoza kingi. Katikati pale kuna mtu anakula. Nikopeshe wewe mwenyewe milioni mia tatu. Nikulipe zaidi ya benki, na mimi nitoe pungufu. Tumwache huyo wa katikati na njaa yake."

Bi Ngoan aliliona neno hilo lina akili. Alimpenda Chín, na alimwamini. Lakini udadisi wake haukuridhika: huyo wa katikati anafanya kazi gani hata alipwe? "Nitakujibu baada ya Tết," alisema.

Mwaka ule joto liliwahi. Maua yakachanua siku tisa kabla ya wakati. Bi Ngoan alikaa na familia ya Chín sokoni, akiwaona wanunuzi wakipapasa petali zilizoanza kulegea na kwenda zao. Bei ilishuka asubuhi, ikashuka tena alasiri. Siku ya mwisho wa mwaka, saa sita mchana, soko lilipofungwa, vilibaki vyungu elfu moja na mia mbili. Chín alivishika kimoja kimoja, akavitupa kwenye lori la taka, petali za manjano zikamjaa nyweleni.

Siku tatu baada ya sikukuu benki ilifunguliwa. Milioni kumi na nne za Bi Ngoan zilikuwa zimeingia, hazikupungua hata dong moja. Alisimama akiishika risiti. Joto lile halikumgusa. Duyên, siri ya wateja imemponyoka, alimnong'oneza kuwa Chín ameongezewa muda wa kulipa, lakini kulipa ni lazima.

Alimwendea siku hiyo hiyo. "Mdogo wangu, sikukopeshi. Nimemwona wa katikati kazi yake. Amesimama kati yangu na jua. Mimi mzee, jua lile siliwezi."

Bi Ngoan aliogopa kwamba amempoteza rafiki. Chín akajibu, "Ningekuwa wewe, hata mimi ningekataa."

"Lakini pengo la milioni kumi ninalo. Unanilipa kiasi gani kukata ncha?"

"Kibarua? Wewe, Mama Benki?" Mkewe alisikia kutoka jikoni, akapiga kelele: "Mchukue kabla hajauliza swali!"

Wakapatana laki mbili na nusu kwa siku, na chakula cha mchana. Miche mipya ilipoanza, Bi Ngoan alikuwa wa kwanza kupanda kitumbwi. Mwezi wa saba jahazi la makumbi lilitia nanga mbele ya vichanja, naye akamuuliza nahodha kule Bến Tre nazi zinafuliwa na nani, kwa mashine au kwa mkono. Nahodha akasema ni vigumu kueleza. Bi Ngoan akaomba ruhusa ya siku mbili, akaenda naye.