Kitenge Chini ya Bati

Viti tuliviazima kanisani, sahani kwa jirani, na kuku tulimnunua kwa kuchanga. Mgeni wetu wa kwanza alitoka katika fondation, yaani mfuko ulioanzishwa na familia moja tajiri ya Ulaya kusaidia vyama vidogo kama chetu. Sisi tulijiita chama cha mayaya, kwa sababu kila mmoja wetu ni yaya: mkubwa wa kuzaliwa, ambaye wazazi walikufa wakamwachia wadogo wa kulea. Baba yangu alifukiwa na udongo katika shimo la wachimbaji upande wa Shinkolobwe. Mama aliugua muda mrefu, naye akaenda. Niliacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, nikashuka mtoni kuosha mawe ya madini pamoja na wanawake wengine, mgongo umepinda kutwa nzima katika maji ya rangi ya kutu. Mdogo wangu wa kike alipopata nguvu ya kubeba karai, alinifuata huko huko.

Chama kilikuwa na chumba kimoja katika kambi ya zamani ya wafanyakazi iitwayo Panda, na cherehani mbili tulizopewa na watawa. Mdogo wangu na wasichana wenzake walikuwa wameuacha mto, wanajifunza kushona. Kilichokosekana ni bati. Lile la juu lilikuwa la enzi za Wabelgiji, limeoza, ukiinua macho mchana unaiona mbingu. Mvua ikianza, cherehani zingelowa na wasichana wangerudi mtoni. Ndiyo sababu tulitafuta bailleur, kama tunavyowaita wafadhili huku kwetu.

Asubuhi ya ugeni, dada aliyetutunzia hazina alikuja na vitenge vipya begani.

"Tutafunika hii dari," alisema. "Mugeni hawezi kukaa chini ya matundu. Bantu batasema nini?"

Mdogo wangu alikuwa anafagia. Akasimama na ufagio mkononi. "Yaya, na bati ataiona namna gani?"

"Nyamaza weye! Mugeni unamulisha kwanza. Shida inakuja nyuma."

Hakuna aliyebisha. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote: mgeni hapewi shida zako mlangoni. Tulitundika vitenge kuanzia ukuta hadi ukuta, chumba kikapendeza kama ukumbi wa arusi. Wasichana walivaa sare walizojishonea. Yule mama wa fondation alikula kuku, akasifu pilipili, akatazama juu na kusema kwa Kifaransa kwamba ni pazuri sana, akapiga picha. Tulipofikia habari ya bati, dereva wake alikuwa ameshawasha gari. Aliitikia kwa kichwa huku anatafuta mkoba wake.

Jibu lilitufikia baada ya wiki chache. Walitupongeza. Walisema tumejipanga vizuri, tuna mahali pazuri, na fedha zao ni za wale wenye shida kuliko sisi.

Basi tukadhani tumeelewa. Wafadhili, tulisema, wanataka kuona umaskini. Alipokuja wa pili, tulikuwa tayari kumwonyesha. Huyu alikuwa mtu wa kampuni ya madini, kijana wa hapa hapa Likasi, viatu vya usalama na kofia ngumu. Sheria inaitaka kampuni iwafanyie kitu wanaoishi karibu nayo, na yeye ndiye aliyetumwa kuchagua. Tulivua vitenge vyote. Wasichana tuliwaambia waje na nguo zao za mtoni. Mdogo wangu alisimama mbele yake, akamwonyesha viganja vilivyopasuka, akasema waziwazi: "Tulikuwa tunaosha mawe, patron. Bati ikianguka, tutarudia."

Kijana alifunga faili lake.

"Mayaya, minye nilikuja kuangalia cherehani. Sasa munaniambia mambo ya batoto na mawe. Mawe ya nani?"

"Mawe ni mawe," alijibu dada wa hazina.

"Apana, mama. Mawe iko na mwenyewe. Nikiandika hii, kesho bakubwa bananiuliza kama ni sisi tunanunua."

Alituambia, akiwa amesimama, kwamba kampuni inapenda mahali penye ukuta wa kupaka rangi, pa kuweka kibao chake, pa kupiga picha siku ya uzinduzi. Halafu akaongeza kwamba hata hivyo kambi yetu haimo katika maeneo yao. Soda tuliyomfungulia aliiacha imejaa.

Kumbe kwa huyu ndipo tungetundika vitenge.

Wa tatu hatukumwona kwa macho. Lilikuwa kanisa la ng'ambo, na mchungaji mmoja wa mjini ndiye aliyetuombea kwao. Hao husaidia mtoto mmoja mmoja: kila mtoto anapata mzazi wa mbali, anamwandikia, anamtumia picha Krismasi. Nilimwuliza mchungaji kama kuna mzazi wa kulea bati. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Bati haina sura, yaya. Bale banataka sura ya mutoto, ya kubandika pa mulango ya frigo."

Wasichana wetu hawakufaa hata hivyo. Walikuwa wamevuka umri, na mdogo wangu alikuwa ametoka tu kutimiza miaka kumi na minane.

Mvua ilianza kabla hatujapata wa nne. Bati liliachia upande wa dirisha kwanza. Tulisogeza cherehani pembeni, tukazifunika kwa vile vitenge, lakini maji yalipita. Moja ilishika kutu hadi gurudumu likagoma. Ya pili ninayo nyumbani. Wasichana waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, na mimi sikuwauliza wanakwenda wapi. Nilijua njia.

Mwaka huu waandaaji wa semina moja waliniita niende Mulungwishi kuwafundisha watu wa vyama vingine namna ya kuwatambua wafadhili. Wanasema nina uzoefu. Nilieleza yote: wa fondation anataka aone pengo, basi usimfiche, wa kampuni anataka jina lake lionekane na asisikie lawama, wa kanisa anataka mtoto na hadithi yake. Waliandika. Mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya ukumbi, ikanibidi nipaze sauti, na ndani halikudondoka hata tone. Mzee mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Na nyinyi, yaya, mulipata yupi?"

"Hata mumoja."

Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakamfuata. Mpaka leo sijui walikuwa wanapigia nini.

Niliporudi nyumbani, mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni, amechovya mikono katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, kama afanyavyo kila jioni akitoka mtoni.

"Yaya, umebafundisha nini?"

"Nimebaambia basifunike dari."

"Na wa kampuni akikuja?"

"Huyo, bafunike."

Alicheka, kisha uso ukamkunjamana, chumvi ilikuwa imeingia katika nyufa.

"Ukimuona ule wa kanisa," alisema, "umuambie minye ningali mutoto."